Diski tatu ndani ya miezi tisa: fundi wa Majengo aliyekuja kukaa dukani kwangu Ng'ong'ona

Ukiwa na steshenari Ng'ong'ona, hapa jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma, kompyuta ndiyo shamba lako. Yangu ni ya mezani, boksi jeusi nililolinunua likiwa limeshatumika. Humo napokea kazi za wanafunzi, napanga kurasa, naprinti, halafu nafanya baindingi. Kati ya mwezi wa tatu na wa kumi na mbili mwaka 2024, boksi hilo lilinifia diski tatu. Fundi ninayemwandika hapa ndiye aliyejua sababu. Kabla yake nililipa mafundi wawili, na kila mmoja aliniuzia diski mpya akanitakia kazi njema.

Ya kwanza sikuilalamikia. Ilikuwa ya GB 500, imekuja na mashine, imekula miaka yake. Ilianza kuganda, Windows ikawa inachukua dakika kumi kuwaka, asubuhi moja yakatokea maandishi meupe kwenye kioo cheusi na haikuendelea tena. Fundi wa mjini akanifungia ya TB 1 kwa shilingi 135,000, akapiga Windows upya, nikarudi kazini.

Mwezi wa tisa ile ya TB 1 ikaanza kulia. Tik, kimya. Tik, kimya. Kisha mvumo mwembamba wa kitu kinachojitahidi kuanza kuzunguka, halafu tik tena. Fundi wa pili aliisikiliza kwa nusu dakika akasema imekwisha, diski za kuzunguka zimepitwa na wakati. "Weka SSD, mama. Ndani hakuna kinachozunguka, haiwezi kukufia hivi." Nikatoa 75,000 nikapata ya GB 240. Kweli ilikuwa na kasi, nilifurahi. Wiki mbili kabla ya Krismasi nikawasha kompyuta ikasema haioni diski yoyote.

Fedha iliniuma, ila kuna lililoniuma zaidi. Kwenye ile ya TB 1 nilikuwa nimemhifadhia binti mmoja wa shahada ya uzamili sauti za mahojiano 31. Alikwenda Bahi kuzungumza na wakulima wa mpunga, simu yake ikajaa, akaniomba nimtunzie kwa siku chache mpaka apate fleshi kubwa. Nilipomwambia diski imekufa alikaa kwenye benchi la wateja, mikono kwenye mapaja, asiseme kitu kwa muda mrefu. Mwisho akauliza, "Mama, hata moja haijabaki?" Swali hilo nililala nalo na kuamka nalo hadi mwaka ulipogeuka.

Januari 2025 mteja wangu mmoja akanielekeza kwa mzee aliyeko nyuma ya Soko la Majengo, kwenye uchochoro wa mafundi cherehani. Zamani alikuwa fundi redio. Bado ana redio mbili za mbao juu ya kabati, zinaongea. Mjukuu wake anakaa naye, ndiye anayeshughulika na upande wa programu.

Nilimwamkia, akaitikia, nikapanga diski zangu tatu mezani na kumwambia historia yake. Hakuzigusa. Akasema, "Mwanangu, kuku watatu wakifa banda moja, huniletei kuku tu. Nataka banda. Kesho njoo na boksi zima, waya zake zote, na ekstensheni unayochomekea."

Nikamwambia ekstensheni ni ya kawaida tu, ya nini?

"Ilete tu."

Kesho yake nikapanda daladala na boksi kwenye mapaja na ekstensheni ndani ya mfuko wa salfeti.

Alichoanza nacho hakikuwa mashine yangu. Alichukua ile ya TB 1 akaichomeka kwenye umeme wa kompyuta yake mwenyewe. Ikazunguka bila kulia. Mjukuu akafungua CrystalDiskInfo, programu ya bure inayosoma kumbukumbu ambazo diski yenyewe hujiandikia tangu siku ya kwanza ilipowashwa. Rangi ikatoka ya njano: mgonjwa, lakini hai. Kuna sekta 16, yaani vipande vidogo vya diski vinavyohifadhi data, zilizokuwa zinashindwa kusomeka. Miezi minne nilikuwa nimeiweka kwenye droo kama maiti.

Hapo kijana alinionyesha mistari miwili ambayo naona kila mwenye kompyuta anapaswa kuijua. Mstari wa C7 huhesabu makosa ya mawasiliano kati ya diski na mashine. Namba yake ikiwa inapanda, mshuku kebo ya data kabla ya kushuku diski. Kwangu ilikuwa sifuri, kwa hiyo kebo ikatoka kwenye orodha ya washtakiwa. Mstari wa C0 huhesabu mara ambazo umeme uliikatikia diski bila kuagana nayo. Kijana akaigeuza namba kutoka mtindo wa hesabu za kompyuta kuja wa kawaida, akamtazama babu yake, akasoma: 1,380.

Elfu moja mia tatu themanini, ndani ya miezi mitano. Ukijumlisha siku zote nilizofungua duka kipindi hicho hazifiki 150. Umeme wa mtaani kwetu hukatika, ndiyo, lakini si mara tisa kwa siku. Na kompyuta yangu ilikuwa haizimiki. Ilikuwa inawaka, mimi nachapa, huku diski peke yake ikikatikiwa umeme mara kwa mara bila mimi kujua.

Mzee akanieleza maana yake. Ndani ya diski ile kuna sahani inayozunguka mara 7,200 kwa dakika na kichwa kinachoelea juu yake kwa nafasi ndogo kuliko vumbi. Umeme ukikatika ghafla, ule mzunguko uliobaki kwenye sahani huigeuza mota kuwa jenereta kwa kitambo, na umeme huo ndio unaotumika kuvuta kichwa pembeni kisikwaruze. Ni ufundi mzuri sana, ila haukutengenezwa ufanye kazi mara tisa kwa siku. Ule mlio wa tik niliokuwa nausikia ulikuwa kichwa kinajivuta pembeni, kinarudi, kinajivuta tena.

Kuhusu SSD alikuwa na dawa ya ajabu. Aliichomeka umeme tu, bila kebo ya data, akaiacha nusu saa huku tukinywa chai. Akaizima, akaichomeka kamili. Ikaonekana. SSD huwa na ramani yake ya ndani inayoonyesha kila kitu kimewekwa wapi, na ukiikatia umeme katikati ya kuandika, ramani inaweza kuvurugika ikajifungia. Zipo zinazojinyoosha zenyewe zikipewa umeme na utulivu. Nyingine hazirudi. Yangu ilirudi. Kati ya diski tatu nilizoambiwa zimekufa, iliyokufa kweli ilikuwa moja.

Kisha akageukia paua saplai yangu, kile kiboksi cha ndani kinachogawia mashine umeme, na hapa ndipo nilipoona tofauti ya fundi na muuza vipuri. Aliichomoa, akaiacha kwanza, akaifungua na kugusisha waya za balbu kwenye miguu ya kapasita kubwa ili kuimaliza umeme. Alinionya kwa ukali nisije nikaifungua mwenyewe hata siku moja, kwani kapasita hiyo inaweza kubaki na zaidi ya volti 300 hata baada ya plagi kutolewa ukutani. Akavuta taa karibu akaniita nitazame. Kapasita nzima ina kichwa bapa chenye mikato midogo juu. Kwangu nne zilikuwa zimeumuka kama vitumbua, na mbili kati yake zilikuwa zimetoa ute wa kahawia uliokauka kwenye mkato.

"Hii ndiyo simtanki yako," akasema. Mtu wa Dodoma hahitaji kuelezwa mara mbili. Maji ya bomba yakilegea, simtanki juu ya mnara inakufichia, bomba la jikoni linaendelea kutoka. Kapasita hufanya hivyo kwa umeme, hufidia vile vipande vidogo vya sekunde ambavyo umeme wa ukutani unanywea. Simtanki yangu ilikuwa imepasuka. Kila umeme wa nje ulipokohoa, na diski ilikohoa.

Na bado alinigomea kununua paua saplai siku ile! Nilikuwa na hela mkononi. Aliifunga ile mbovu akaiwasha mezani kwake siku mbili nzima, na diski haikulia hata mara moja. Akanipigia simu: "Kwangu haiumwi. Kuna kitu kwako kinachoiamsha. Jumamosi nakuja."

Jumamosi alikuja kwa bodaboda na multimita kwenye mfuko wa shati. Nilimwamkia, akanijibu kwa Kigogo, "Mbukwa," akavuta stuli. Akafungua ubavu wa boksi, akaweka ncha moja ya multimita kwenye waya wa njano na nyingine kwenye waya mweusi, akaniambia nifanye kazi kama vile yeye hayupo. Waya wa njano unapaswa kutoa volti 12, na ruhusa yake ni asilimia 5 juu au chini, yaani isishuke chini ya 11.4. Ilikuwa inasoma 11.8.

Nikaprinti kurasa kumi. 11.8. Nikafungua barua pepe. 11.8. Akaja mwanafunzi na vyeti vyake vya kutoa kopi. Nikabonyeza kitufe cha mashine ya fotokopi, ikaanza kujipasha moto kama kawaida yake, taa ya dari ikafifia kidogo kama inavyofanya siku zote, na mzee akainua kidole.

11.0.

Tik, ikasema diski.

Sote watatu tuliisikia, hata yule mwanafunzi. Mashine ya fotokopi ina roli ya moto inayobandika wino wa unga kwenye karatasi, na hiyo roli hula umeme kama pasi. Yangu ina kibandiko cha wati 1,400. Tena haisubiri ukope: ikiwa imewashwa tu, hujipasha kila baada ya muda ili isipoe. Ilikuwa kwenye ekstensheni moja na kompyuta. Ekstensheni yenyewe ni ya mita kumi na tano, nami nilikuwa nimeizungusha vizuri na kuifunga kamba chini ya meza ili duka lionekane nadhifu. Mzee aliingiza mkono kwenye ule mzunguko wa waya akautoa haraka. Ulikuwa wa moto. Akapima soketi: 212 fotokopi ikiwa imetulia, 195 ikijipasha. Tulipoihamishia fotokopi kwenye soketi ya ukutani, umeme ulishuka hadi 207 tu.

Kumbe diski zangu zilikuwa zinauawa na wateja wa kopi.

Alifungua plagi ya ekstensheni kwa bisibisi. Ina meno matatu, lakini ndani waya zilikuwa mbili. Ule wa kijani na njano, wa ethi, haukuwepo kabisa, jino la juu lilikuwa pambo. Nikakumbuka jinsi boksi lilivyokuwa linanitekenya vidole nikiligusa peku peku, nami nilidhani ni kawaida ya kompyuta. Akasema hilo halikuua diski, ila lingeweza kunidhuru mimi au mwanafunzi. Akaniagiza nimwite fundi umeme akague na fimbo ya ethi nje ya nyumba, maana udongo wetu hukauka kiangazi chote, na udongo mkavu haupokei umeme vizuri. Fundi umeme alipokuja alichimba kuizunguka, akaweka mkaa na chumvi, akaniambia nimwagie maji kila mara mvua zikiisha. Nafanya hivyo.

Kulikuwa na kosa la tatu, nalo ni dogo kwa macho. Fundi wa mjini alipofunga ile ya TB 1 alikuta plagi ya umeme haifiki, akatumia kiungio cha bei rahisi, kile cha plastiki nyeupe kinachogeuza plagi ya zamani yenye matundu manne kuwa bapa ya kisasa. Fundi wa pili akaichomekea SSD kiungio kilekile. Mzee alikichomoa akaniwekea kiganjani. Kwenye kona moja plastiki ilikuwa na doa la rangi ya chai, na ukinusa unapata harufu ya waya ulioungua. Viungio vya aina hiyo, ambavyo plastiki yake imemiminwa moja kwa moja juu ya nyaya, vina sifa mbaya ya kuungua. Mikono miwili ilikipitia na hakuna aliyekinusa.

Sasa gharama. Paua saplai mpya shilingi 60,000. Alinipa mbili nizipime kwa mkono, zote zimeandikwa wati 500, na moja ilikuwa nyepesi kama boksi la biskuti. Akanishauri nichukue nzito na nisiamini maandishi. Nilimuuliza kwa nini asibadilishe tu zile kapasita nne, kwani yeye ni fundi redio na angeweza. Akasema angeweza kwa 12,000, lakini bodi ilikuwa imebadilika rangi kwa joto, na hataki kunirudishia kitu ambacho yeye mwenyewe hakiamini. Ufundi wa yote, pamoja na siku mbili za mezani na safari ya Ng'ong'ona, 40,000. Kwa hiyo nilimaliza kwa laki moja, wakati diski mbili zilikuwa zimeshanila 210,000 bila kuhesabu ufundi wao.

Kasoro anazo, na nisipozisema nitakuwa sijamtendea haki anayetaka kwenda. Hana bango, utauliza njia mara tatu. Simu hapokei akiwa na chuma cha moto mkononi, na anakuwa nacho muda mwingi. Ijumaa adhuhuri hufunga na mara nyingine harudi. Risiti hatoi: aliandika tarehe na volti za waya wa njano, "12.05", kwenye kipande cha gundi ya karatasi akakibandika juu ya paua saplai, hiyo ndiyo waranti yangu. Kama kazi yako ni ya ofisi ya serikali kule Mtumba na unadaiwa stakabadhi, hapo utapata tabu. Hana haraka vilevile. Kazi yangu ilichukua siku sita, na duka bila kompyuta kwa siku sita ni maumivu. Na diski ambayo kichwa chake kimekwaruza sahani haigusi, anakwambia wazi kwamba hana chumba cha kuifungulia.

Yale mahojiano kijana alianza kuyanakili palepale siku ya kwanza, kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu diski ya njano haipewi muda. Ilichukua saa nne. Mafaili 29 yalifunguka. Mawili yalikuwa yameangukia kwenye zile sekta zisizosomeka. Nilimpigia binti, akaja kwa miguu kutoka chuoni saa kumi na moja jioni, akavaa spika za masikioni, akabonyeza la kwanza. Nilisikia sauti ya mzee wa Bahi kwa mbali akieleza habari za majaruba. Binti alifunika mdomo kwa kanga yangu iliyokuwa kwenye kiti akalia, na mimi nikalia.

Ile ya TB 1 nimeistaafisha, sekta zikianza kufa sirudishi kazi za watu humo. SSD ndiyo ninayotumia mpaka leo, Novemba 2025, na jioni nanakili kila kitu kwenye diski ya nje ambayo naichomoa na kwenda nayo nyumbani. Kila mwisho wa mwezi nafungua CrystalDiskInfo na kuandika kwenye daftari idadi ya kukatikiwa umeme. Tangu Januari imeongezeka mara tisa, na kila mara naikumbuka, ni siku umeme ulipokatika mtaa mzima. Nadunduliza nipate UPS, ile betri inayoshikilia kompyuta umeme ukikatika. Mzee ameshaniapisha kwamba printa ya leza na fotokopi hazitachomekwa humo kamwe, maana UPS ndogo haiwezi kubeba roli ya moto.

Ukitaka kwenda, shukia Majengo, zunguka nyuma ya soko, fuata sauti za cherehani mpaka usikie redio mbili zikiongea stesheni tofauti. Nenda asubuhi, si Ijumaa. Beba boksi zima, waya zote na ekstensheni. Ukimpelekea diski peke yake atakurudisha, hata kama umetoka Kondoa.